Kilichotoka Kwenye Chemba ya Nyumba ya Nne

Siku mliyoniaga pale karakana, mmoja wenu aliniuliza kwa utani ni kitu gani cha ajabu kuliko vyote nilichowahi kuvuta kutoka chooni. Mkacheka, nami nikacheka, nikataja meno ya bandia ya mwalimu mkuu mmoja, tukaendelea na soda zetu. Meno yale niliyatoa kweli, na mwenyewe aliyachemsha akayavaa tena Jumapili hiyohiyo. Lakini hilo halikuwa jibu. Jibu lenyewe ni refu, haliwezi kusemwa mtu akiwa ameshika chupa mkononi, na sasa nina nafasi ya kuliandika. Mtanivumilia nikizunguka kidogo kabla ya kufika.

Niliingia kazi ya mabomba mjini Embu wakati wa Hali ya Hatari, ile tuliyozoea kuiita imajensi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimeoa, natoka Kanja, na sikuwa nimekalia choo cha maji hata siku moja. Kwetu tulikuwa na choo cha shimo, na hata hicho kilichimbwa kwa amri, baada ya kuondolewa mashambani na kupangwa kijijini, nyumba bega kwa bega, handaki limetuzunguka. Siku ya kwanza kazini fundi alinipeleka kwenye choo cha ofisi, akavuta mnyororo. Maji yakashuka kwa kishindo, nikaruka nyuma mpaka mlangoni. Yeye hakucheka.

"Yameenda wapi?" akaniuliza.

"Sijui, Fundi."

"Basi hiyo ndiyo kazi yako. Kujua."

Fundi huyo alikuwa M'Ikiara, Mmeru wa Tigania, mfupi, mkavu, mwenye vidole vinene ambavyo hata hivyo viliweza kuokota sindano sakafuni. Kazi alikuwa ameifundishwa jeshini, wakati wa vita vya Wazungu. Hakupenda maneno mengi. Kwa siku nzima angeweza kukuambia mambo matatu, mawili yakiwa ni "shika hapa" na "toka hapo". La tatu ndilo lililokuwa somo la siku, na ole wako kama ulikuwa unawaza chakula.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Tulikuwa na fimbo za mianzi zenye vichwa vya shaba, ambazo hushikanishwa moja kwa nyingine kwa kuzungushwa mpaka zifike urefu unaotaka. Tulikuwa na chuma kilichopindwa kama mkia wa nguruwe, cha kufunga mbele ya fimbo na kuvutia uchafu. Tulikuwa na raba ya kusukumia, ndoo mbili, mwiko, nyundo na patasi. Nyinyi mna mashine inayonguruma, lakini sheria ya fimbo haijabadilika: zungusha kulia tu. Ukizungusha kushoto, fimbo inajifungua na kubaki ndani ya bomba, nawe unabaki nje na aibu yako. Mimi niliziacha mbili ndani ya bomba la hospitali katika wiki yangu ya tatu. M'Ikiara alinichimbisha mpaka nikazifikia, kwa jembe, kwenye mvua, na wagonjwa walitoka kwenye veranda kunitazama.

Nilichojifunza mapema ni kwamba watu hawazibi choo kwa ubaya. Wanakiziba kwa mazoea. Makarani wetu na wake zao walikuwa wametoka kwenye vyoo vya shimo kama mimi, na shimo halikatai kitu. Kule nyumbani ukimaliza unamwaga majivu ili harufu ipungue, kwa hiyo walipopewa choo cha maji waliendelea kumwaga majivu, kila siku, kwa usafi na nia njema kabisa. Majivu yakichanganyika na maji ndani ya bomba hukaa chini na kugeuka saruji. Nimevunja majivu ya mtu kwa patasi, kipande baada ya kipande, huku mwenye nyumba akiniapia kwamba hapo hapajawahi kupita kitu kichafu. Karatasi za chooni zilikuwa mambo ya Wazungu. Wetu walitumia majani ya maigoya, yale mapana na laini yanayoota kwenye ua, na wengine magunzi ya mahindi. Jani moja la maigoya halina neno, lakini majani ya familia ya watu wanane, kwa wiki mbili, yanajenga ukuta. Kuhusu magunzi sitasema zaidi.

Halafu kulikuwa na makapi ya muratina. Pombe ilikuwa marufuku, na siku za msako kila mtu aliyekuwa na kibuyu alikimbilia chooni. Tukiitwa mahali pamoja kuzibua vyoo vitatu kwa mpigo, M'Ikiara alinusa hewa na kusema, "Jana polisi walikuwa hapa." Hakuwahi kukosea. Wala hakuwahi kumwambia mtu.

Mara moja tulitumwa hadi Timau, upande wa baridi, kwenye nyumba ya Mzungu mwenye shamba la ngano. Barabarani tulisimamishwa mara tano kuonyesha vitabu vya pasi. Choo cha Mzungu kilikuwa kimejaa mpaka mdomoni, na yeye alikuwa na hakika kwamba wafanyakazi wa shamba wamemtilia kitu makusudi. Tukavuta mafuta ya kondoo, meupe, magumu, marefu kama mkono wangu. Mpishi akaja anaikunjakunja aproni yake, kwa sababu miaka ile neno "makusudi" lilikuwa linaweza kumpeleka mtu mbali.

"Mimi namwaga ikiwa maji kabisa, Fundi," akasema. "Haki ya Mungu, inakuwa maji."

"Huku Timau hakuna kitu inakaa maji," M'Ikiara akamjibu. Kisha akamwendea Mzungu, akamweleza kwamba nyumba yake imejengwa mahali pa baridi mno, kana kwamba kosa ni la mlima. Mzungu akaridhika. Mpishi alitupa mkate mzima wa kula njiani.

Lakini jambo alilolipenda M'Ikiara kuliko kuzibua lilikuwa kulaza bomba jipya. Mabomba yetu yalikuwa ya udongo uliochomwa, kila moja likiingia kwenye mdomo wa lenzake. Pale kwenye kiungo unazungusha katani iliyochovywa lami, unaishindilia kwa patasi butu mpaka ijae sawasawa, ndipo unafunika kwa saruji. Katani ikiwa chache, kiungo kinavuja. Ikiwa nyingi au ikishindiliwa ovyo, nyuzi zinaingia ndani ya bomba na kuning'inia, na kila kitambaa kinachopita kinanaswa. M'Ikiara aliisokota katani yake kwenye viganja, taratibu, akitema mate kidogo, mpaka ikawa kamba laini. Akimaliza mstari wa mabomba aliziba mwisho wake, akaujaza maji, akaweka alama ya penseli pale maji yalipofika, na asubuhi alikuja kutazama kabla hata ya kunywa chai. Maji yalikuwa palepale. Kwa miaka yote niliyofanya naye kazi sikuona yameshuka hata unene wa ukucha. Alikuwa mtu wa kanisa na hakujisifu kwa jambo jingine lolote, lakini kwa viungo vyake alijisifu bila haya. "Mimi nikifa," alisema, "wachimbe waone."

Sasa nimefika.

Nyumba za makarani zilikuwa sita, kwa mstari, zimezungushiwa waya, na langoni alikaa askari wa homugadi, yaani wale watu wetu waliopewa bunduki kulinda upande wa serikali. Bomba la nyumba zile M'Ikiara alikuwa amelilaza mwenyewe mwaka uliotangulia. Nyuma ya kila nyumba palikuwa na chemba, kisima kidogo cha matofali chenye kifuniko cha chuma, ambapo maji ya choo huingia kwenye bomba kubwa. Asubuhi moja tukaitwa kwamba chemba ya nyumba ya nne inafurika.

Nyumba ya nne alikaa karani wa ofisi ya wilaya na mkewe, Mama Nyaga, na watoto wao wawili. Mama Nyaga tulimjua. Alikuwa mcheshi, mtu wa upande wa Runyenjes, na kila tulipofika pale alitutolea uji kwenye vikombe vya bati na kunitania kwamba mke wangu ananipikia upepo. Siku ile hakutoka. Mlango ulikuwa nusu wazi.

Niliinua kifuniko, nikaunganisha fimbo nne, nikafunga mkia wa nguruwe mbele, nikasukuma. Hatua chache ndani ya bomba nikagusa kitu laini. Nikazungusha kulia, nikahisi kimeshika, nikavuta. Likatoka tambara la shuka lililofungwa fundo, na nilipolikung'uta fundo likafunguka. Ndani mlikuwa na nywele. Nyeusi, nyingi, nyingine ngumu za mtu mzima, nyingine laini kabisa za mtoto.

Nilikuwa kijana, na mvuvi akipata chochote hufurahi. Nikapaza sauti, "Fundi! Ni nywele! Nywele za watu kama watatu!"

Ndipo nikainua macho. Watoto wa Mama Nyaga walikuwa wamesimama kwenye veranda, vichwa vyao vimenyolewa mpaka vinang'aa. Nyuma yao alisimama mama yao, kitambaa kimefungwa kichwani hadi kwenye nyusi, na mkono wake ulikuwa umepanda polepole ukakishika.

Lazima niwaeleze nyinyi mliozaliwa baadaye. Kwetu mtu akifiwa, jamaa wa karibu hunyolewa, na nywele hazitupwi ovyo, hufukiwa. Wakristo walikuwa wameanza kuiacha desturi hiyo, lakini mtu akifa mliyenyonya ziwa moja naye, mahubiri huyakumbuki. Siku chache kabla ya hapo, miili ya watu wa msituni, wale waliokuwa wakipigana na serikali, ilikuwa imelazwa sokoni upande wa Karurumo, na watu wote wakapitishwa kuitazama. Aliyelia, jina lake liliandikwa. Kuwalilia watu wa msituni kulikuwa sawa na kukiri kwamba ni wako, na kwamba uliwalisha. Ukiandikwa jina, ulipelekwa kizuizini, na kama mumeo alikula mkate wa serikali, naye alikwenda. Watoto walibaki na yeyote atakayewaokota.

Mimi nilikuwa nimetangaza msiba wa Mama Nyaga kwa sauti ya kuuza mboga.

Askari wa langoni aliinuka. Alikuwa Mwembu kama mimi. Mzungu asingeelewa kitu hapo, nywele kwake ni nywele, lakini huyu angeelewa kwa kutazama mara moja. Akaja akitembea bila haraka, bunduki begani.

"Nimesikia nywele," akasema. "Nywele gani?"

M'Ikiara alikuwa tayari amepiga magoti kando yangu. Sikumwona akichukua. Nilipogeuka, lile fungu lilikuwa kwenye viganja vyake, limejaa kinyesi na sabuni, naye alikuwa anasokota, haraka kuliko nilivyowahi kumwona, mpaka likawa kamba nene nyeusi.

"Nywele wapi?" akasema. "Hii ni katani. Katani ya kiungo." Akamnyooshea askari. "Shika uone mwenyewe. Shika."

Askari akarudi nyuma hatua mbili, mkono puani. "Weka mbali hiyo kitu! Lakini huyu kijana amesema nywele. Mimi nimesikia na hii masikio yangu."

"Huyu?" M'Ikiara akanigeukia. Macho yake yalikuwa makavu, na sijawahi kutazamwa vile tena. "Huyu aliacha fimbo mbili ndani ya bomba ya hospitali. Huyu haijui katani, haijui kitu. Wewe Njue, mwambie askari. Hii nini?"

Nilijua kwamba mama yule anangoja mdomo wangu, na kwamba mdomo huohuo ndio uliomfikisha pale.

"Katani, Fundi," nikasema. "Nilidhani... Nimekosea. Ni katani."

"Sema na askari, usiseme na mimi."

"Ni katani, bwana."

Askari alinitazama, akaitazama ile kamba, akawatazama watoto. Mpaka leo sijui kama aliamini au aliamua kuamini. Alisema tu kwamba yeye kazi yake ni kutoa ripoti, na kwamba Bwana Afya, yule Mzungu mkaguzi wa usafi, yuko nyumba ya kwanza, na atamwita.

Bwana Afya akaja na daftari lake. "Hii iko nini? Kwa nini choo naziba, nyumba mpya?"

Hapo M'Ikiara angeweza kusema ni tambara tu, ni wanawake hawa wanatupa vitu. Lakini tambara peke yake lingemfanya Bwana Afya aulize la nyumba gani, na fundo lake lilikuwa na nini, na askari alikuwa amesimama palepale na masikio yake. Kwa hiyo M'Ikiara alivua kofia.

"Ni kosa yangu, bwana," akasema. "Mimi nilifunga kiungo vibaya. Katani imeingia ndani ya bomba, ikashika tambara. Labda viungo vingi viko hivyo. Nilifanya haraka."

Mimi nilikuwa nimesimama na fimbo mkononi. Nilitaka kusema kwamba si kweli, kwamba huyu mtu hajawahi kufanya kitu kwa haraka tangu azaliwe. Bwana Afya alikuwa mwekundu. Alisema kwamba fundi wa jeshi angepaswa kujua, kwamba serikali imetumia gharama, kwamba huu ni wazimu. Akaandika kwenye daftari lake, akisimama kidogo baada ya kila neno. Kisha akatoa amri. Mstari wote ufukuliwe, kuanzia nyumba ya kwanza hadi ya sita. Kila kiungo kivunjwe na kufungwa upya. M'Ikiara asiguse kiungo chochote, yeye achimbe tu. Kufunga nitafunga mimi, kwa kuwa hata mjinga anaweza kufundishwa.

Kabla ya kuondoka aliwakusanya wake za makarani, akawahutubia nusu saa juu ya vitu visivyoruhusiwa kuingia chooni: matambara, majani, majivu, magunzi, mafuta, makapi. Wanawake walisimama kwa adabu, wengine wakiuma midomo wasicheke Kiswahili chake. Mama Nyaga alisimama mwisho wa mstari. Aliitikia "ndio, bwana" pamoja na wenzake.

Tulipobaki wawili nilianza kuomba msamaha. M'Ikiara alikuwa anaosha mikono kwenye ndoo.

"Angeweka wapi?" akasema, kama anayejiuliza mwenyewe. "Akichoma, inanuka, jirani wanauliza. Akichimba, askari anauliza. Alikuwa na choo tu."

"Fundi, lakini viungo vyako..."

"Viungo ni udongo, kijana. Chukua jembe."

Tulichimba siku tisa. Siku ya kwanza tulifikia kiungo cha kwanza, M'Ikiara akakifuta udongo kwa kiganja, nami nikakitazama. Saruji ilikuwa laini kama ya jana, haina ufa, haina unyevu. Akanipa nyundo na patasi. Niliviweka juu ya kiungo na mkono ukakataa. Sioni haya kusema kwamba nililia. Yeye akavichukua, akapitisha kidole gumba kuzunguka kile kiungo, mara moja, akapiga. Ndani katani ilikuwa imejaa sawasawa, hakuna hata uzi mmoja ulioingia bombani. Akaichomoa yote, akaitupa kwenye ndoo, ili Bwana Afya akija saa kumi akute imeondolewa. Akahamia cha pili. Alivivunja vyote yeye mwenyewe, vyote vizima, na kila kimoja alikipitishia kidole kwanza.

Siku ya nne tulifika nyuma ya nyumba ya nne. Handaki letu lilikuwa na kina cha kiuno, na hakuna aliyetushangaa tena, kwani tulikuwa watu wa kuchimba. M'Ikiara aliniambia nikamwombe Mama Nyaga maji ya kunywa. Alipotoka na kikombe, Fundi alimwuliza kwa sauti ya chini, bila kumtazama, "Mama, ndugu yako alipenda upande gani?"

Mama yule akaelekeza kidevu kwenye pembe ya handaki iliyotazama Runyenjes. "Huko," akasema. "Alikuwa mdogo wangu. Mimi ndiye nilimbeba mgongoni."

M'Ikiara alikuwa amezihifadhi zile nywele tangu siku ile, zimeoshwa, zimefungwa kwenye kipande cha gunia, ndani ya boksi la vifaa vyake. Kama zingekutwa pale, angekwenda kizuizini yeye. Alichimba kishimo kando ya bomba, akazilaza, akafukia, akasimama kidogo akiwa ameshika kofia. Mama Nyaga aliteremsha kitambaa chake usoni. Alilia bila sauti mpaka maji ya kile kikombe yakamwagika yote, nasi tukaendelea kutupa udongo ili askari asikie majembe. Hayo ndiyo mazishi aliyopata yule kijana wa msituni, na sidhani kama kuna mahali pengine yameandikwa.

Viungo vipya nilivifunga mimi. M'Ikiara alisimama juu ya ukingo na jembe lake, mgongo kwangu, akitazama kwingine kama mtu anayepumzika, na kunielekeza kwa sauti ndogo. Ongeza. Punguza. Umeshindilia upande mmoja, rudi. Toa yote, anza tena. Vidole vyangu vilichubuka. Tulipojaza maji na kuweka alama ya penseli, sikulala, na asubuhi maji yalikuwa palepale. Bwana Afya alinipiga bega akaandika tena kwenye daftari.

M'Ikiara hakupewa kufunga kiungo tena. Alichimba na kubeba mabomba kwa miaka michache iliyobaki, chini ya mafundi wengine, na mwishowe chini yangu. Mara ya kwanza aliponiita "Fundi" mbele ya watu nilitaka ardhi inimeze, lakini yeye hakukejeli, alisema tu kama jina la kazi. Akarudi Tigania na boksi lake. Nilimtembelea mara mbili. Hatukuizungumza ile habari. Mara ya pili alinionyesha bomba la maji alilowawekea majirani, akaniambia niinamie kiungo nikitazame. Alifariki mwaka uliofuata.

Kwa nini nimenyamaza muda wote huu? Mwanzoni kwa hofu. Baadaye kwa sababu Mama Nyaga aliniomba, kwani mumewe hakuwahi kujua, na alikuwa mtu wa serikali mpaka akastaafu. Sasa wote wawili wametangulia. Baada ya mazishi ya Mama Nyaga nilimweleza mwanawe Nyaga, ambaye leo ni mtu mzima mwenye mvi. Alijipapasa kichwa kwa muda, akasema anaukumbuka wembe ule, na kwamba niandike.

Kwenye kabati la karakana, rafu ya chini, mna faili la kijivu la nyumba za makarani. Nililikuta nilipopewa ufunguo wa ofisi, na nimekaa nalo miaka yote bila kuthubutu kuligusa kwa kalamu. Lina mistari miwili ya mkono wa Bwana Afya. Wa kwanza unasema M'Ikiara ni mzembe, asiaminiwe kufunga viungo. Wa pili, wa siku chache baadaye, unasema Njue anafunga vizuri, afikiriwe kuwa fundi. Ni kwa mstari huo wa pili mlinikatia keki juzi.

Mistari yote miwili ni ya M'Ikiara: ule uzembe aliubeba kwa hiari ili kumficha mama, na ule ufundi ulikuwa wake, mimi nilimwazima mikono tu. Iunganisheni mbele ya jina lake, kwa wino, mtie sahihi. Mimi niliye hai ndiye niliyepaza sauti.